Kuku hataki kutoka kiotani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuku anayeng'ang'ania kuatamia

Nafuga kuku uani, Kimara, Dar es Salaam. Nina mitetea 14 na jogoo mmoja: wengi wa kienyeji, chotara watatu, na kuchi mmoja (aina ya kuku warefu wenye miguu mikubwa) niliyepewa badala ya deni. Miongoni mwao alikuwapo mweupe tuliyemwita Bibi Harusi, ambaye kwa mwaka mmoja aliatamia mara sita. Mara ya nne nilikuwa nimemnyang'anya mayai yote, akalalia kokwa la embe siku nne, na kila aliyesogea alidonolewa. Yeye ndiye aliyenifundisha karibu yote yaliyomo humu. Maswali nimeyapanga jinsi yanavyoniijia getini, wanapokuja kununua mayai na kukuta hakuna.

Nitajuaje kama anaatamia kweli au anaumwa?

Mwangalie jioni. Kuku wa kawaida giza likianza hupanda kwenye fito na wenzake. Anayeatamia hubaki kiotani, na kesho yake pia yupo pale pale. Ukimsogezea mkono anajibapa kama chapati, manyoya yanasimama mpaka anaonekana mara mbili ya alivyo, na anatoa sauti ya ko-ko-ko ya chini chini, ile ile atakayowaitia vifaranga baadaye. Mnyanyue taratibu umtazame tumboni: mara nyingi utakuta amejinyonyoa manyoya, ngozi iko wazi na ina joto. Akitoka mara moja kwa siku, anadondosha kinyesi kimoja kikubwa chenye harufu ya kukimbiza watu. Hiyo ni kawaida, alikibana siku nzima asichafue kiota.

Mgonjwa hana ukali huo. Mgonjwa ananyong'onyea, anafumba macho, mbawa zinashuka, na ukimshika hakugombezi. Ukiona kinyesi cha kijani au shingo inapinda, huo si uatamiaji. Huenda ni mdondo, wengine huita kideri, na unatakiwa kumtenga na kumwita mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo. Mwenye yai lililokwama naye huingia na kutoka kiotani, anajikamua, anasimama kifua juu bila raha. Anayeatamia ametulia kama mtu aliyefika kwake.

Sina jogoo. Anaatamia nini sasa?

Hajui kama mayai yana mbegu au hayana, na hahitaji jogoo ili aanze. Kinachomwendesha ni homoni iitwayo prolaktini, itokayo kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Ikipanda, utagaji unasimama na hamu ya kukaa inaanza. Halafu kuna jambo ambalo ukilielewa mengine yote yanakuwa rahisi: ile ngozi ya tumbo iliyo wazi ikigusa kitu na kupata joto, homoni inazidi kupanda. Yaani kukaa kwenyewe kunamfanya atake kukaa zaidi. Kokwa la embe lilitosha kabisa.

Mbona wangu tu ndiye anayerudia rudia? Wa jirani hawana habari.

Kwanza ni damu. Kuku wa kienyeji hakuchaguliwa na mtu kwa ajili ya kutaga tu. Amepona vizazi na vizazi kwa sababu mama zake walikaa juu ya mayai. Kuku wa mayai wa kisasa wamechujwa kwa miaka mingi mpaka hamu hiyo imekaribia kwisha. Jirani yako ana wale wa kibiashara, wewe una wa bibi yako.

Pili ni mazingira, na hapa lawama huwa zetu. Mayai yakiachwa yalundikane, kiota kikiwa na giza na faragha, na mwenzake akiwa tayari ameketi kando, kuku mwenye damu hiyo hachelewi. Ulaya kuku huatamia zaidi majira ya kuchipua, siku zinaporefuka. Kwetu hapa, karibu na ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki saa moja, kwa hiyo kuku anaweza kuketi mwezi wowote. Usisubiri msimu upite. Hakuna msimu.

Nimwache tu, si atachoka mwenyewe?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wanamwacha siku kumi, wanamwonea huruma, wanamtoa, wanamrudisha, na mayai hawajamwekea. Kuku hana kalenda. Akiwa na mayai yenye mbegu, mlio wa vifaranga ndio unaomwambia kazi imekwisha. Asipousikia anaweza kupitisha zile siku 21 na kuendelea wiki nyingine na nyingine, huku anakula kidogo, upanga wa kichwani unapauka, kifua kinabaki mfupa, na utitiri wanamla usiku.

Kwa hiyo amua ndani ya siku mbili za mwanzo: unamtumia au unamkatisha. Unataka vifaranga, una mayai yenye mbegu, una mahali salama? Mwekee. Unafuga kwa ajili ya mayai? Mkatishe leo, si Jumamosi. Chotara wangu anayetaga mayai manne kwa wiki, akiketi wiki tatu ni mayai 12 yamekwenda, na bado hujahesabu muda wa kurudia hali yake.

Sawa, namkatishaje?

Unachotaka ni tumbo lipoe na mwili ukose mahali pa kujikunjia. Mimi natumia kizimba cha waya, upana na urefu sentimita 60 hivi, kwenda juu anaweza kusimama bila kuinama. Sakafu yake ni wavu wenye matundu ya sentimita moja au mbili, hakuna maranda, hakuna majani, hakuna gunia. Nakiweka juu ya matofali, nusu mita kutoka chini, ili upepo upite chini yake. Kiwe kivulini lakini mahali penye mwanga, tena wenzake wawe wanaonekana. Ndani weka maji na chakula cha kawaida, visikosekane. Kumnyima chakula hakusaidii lolote. Unataka arudi kutaga, na yai halitoki kwenye tumbo tupu.

Anakaa humo usiku na mchana. Usiku hakikisha paka na nguchiro hawafiki. Mimi huingiza kizimba chote stoo, bado kikiwa juu ya matofali.

Siku ya kwanza atajibapa juu ya waya na kukutukana. Siku ya pili utamwona anasimama, anakaa, anasimama. Siku ya tatu jioni mfungulie mlango na ujifiche umtazame. Akienda kuchakura na wenzake au kuoga vumbi, amepona. Akikimbia moja kwa moja kiotani, na Bibi Harusi alikuwa akikimbia kama anadaiwa, mrudishe siku mbili nyingine. Aliyewahiwa siku ya kwanza au ya pili huchukua siku tatu hadi tano. Aliyeachwa wiki mbili, jiandae kwa wiki nzima au zaidi.

Wakati huo huo kusanya mayai ya wenzake asubuhi na jioni, na ziba kile kiota alichokipenda. Hata ndoo iliyofunikwa juu yake inatosha.

Bibi yangu alikuwa anamtumbukiza majini. Na wengine wanampitishia unyoya puani. Inafaa?

Nimeyaona yote. Bibi yangu alikuwa na beseni lake maalumu, na alikuwa na maneno yake: "Mjukuu wangu, huyu ana joto la tumbo, mtoe joto." Kwenye maelezo hakukosea, maana joto la tumbo ndilo lenyewe. Tatizo ni kwamba dakika tano za maji hazitoshi. Kuku anakauka na baada ya saa moja yupo kiotani, safari hii akiwa amelowesha mayai ya wenzake. Siku ya baridi au ya mvua unaweza kumletea ugonjwa juu ya tatizo. Upepo chini ya waya unafanya kazi ile ile saa 24.

Unyoya puani sipendi na sitakuelekeza. Unamtesa kiumbe, kidonda kinaingia uchafu, na ninaowafahamu waliofanya hivyo kuku wao waliketi na unyoya wao puani.

Kumfunga kamba mguuni kwenye mti kunaweza kusaidia, kwa kuwa yuko mwangani na hana kiota. Lakini aliyefungwa hawezi kumkimbia mbwa wala kipanga, na kamba ikijizungusha mguuni inakata damu. Ukilazimika, iwe mchana, na wewe uwe uani. Tenga la kufunika, lile la kusafirishia kuku sokoni, ukilipachika juu ya fito mbili ili sakafu iwe na hewa, ni kizimba tosha cha bure.

Ataanza kutaga lini?

Wiki moja hadi tatu baada ya kukatishwa, kutegemea alikaa muda gani na amekonda kiasi gani. Mwongezee protini kidogo: dagaa waliosagwa, mashudu ya alizeti, kumbikumbi zikitoka. Upanga wa kichwani ukirudi kuwa mwekundu, tandika kiota.

Nimefanya hayo yote. Baada ya mwezi ameketi tena.

Karibu kwenye chama. Kuna kuku wa hivyo, na hakuna dawa ya kudumu. Mkatishe tena, mapema zaidi, maana sasa unamjua. Au mpe cheo: awe mlezi wa kundi, wengine wote watage yeye aketi. Ila usimpe zamu mfululizo. Mara mbili au tatu kwa mwaka zinatosha, na katikati anenepe.

Nimeamua kumtumia. Nimwekee mayai mangapi?

Mengi kadiri anavyoyafunika yote bila hata moja kuonekana pembeni. Kwa kuku mdogo wa kienyeji ni 8 hadi 10, kwa mwenye mwili ni 12. Yai linalotokeza nje leo linapoa, kesho kuku analigeuza na kulisogeza katikati, na lingine linatoka kupoa. Ukizidisha matatu unaweza kuharibu sita. Shangazi yangu wa Korogwe anasisitiza yawe witiri, 9 au 11, kamwe yasiwe shufwa. Sijaona tofauti, lakini sijawahi kubishana naye.

Chagua mayai ya ukubwa wa wastani, yasiyo na ufa, yasiyooshwa, yaliyotagwa ndani ya siku 7. Kwa joto la Dar mwezi wa Januari mimi sipitishi siku 5. Yatunze mahali pa baridi kivulini, ncha nyembamba ikiwa chini, si kwenye friji. Mbegu ihakikishwe pia: jogoo mmoja kwa mitetea kumi hivi, na awe anawafikia.

Kiota kiwe peke yake, mbali na fujo. Sanduku la mbao la sentimita 35 kila upande au tenga kuukuu vinafaa. Tandika mchanga mkavu chini, ubonyeze katikati uwe kama bakuli pana, kisha majani makavu juu. Mchanga unazuia mayai yasibingirike pembeni.

Mhamishe usiku. Kuku aliyehamishwa mchana anarudi alikotoka hata ukimwekea mayai ya dhahabu. Mbebe gizani, mweke juu ya mayai mawili matatu yasiyofaa au mawe laini, mfunike na gunia lililolegea. Kesho yake akiwa ametulia, usiku tena, badilisha na mayai yenyewe kwa kuyapenyeza chini ya kifua. Andika tarehe ukutani kwa mkaa, si kichwani. Hesabu siku 21.

Wenzake wanamtagia humo humo.

Ndiyo maana nikasema kiota kiwe peke yake. Ikishindikana, chora mstari wa penseli kuzunguka kila yai ulilomwekea, na kila jioni toa yasiyo na mstari. Usipofanya hivyo, siku ya 21 vifaranga wanne wataanguliwa, mama ataondoka nao, na nyuma yake yatabaki mayai yenye vifaranga nusu. Ni harufu ambayo huisahau.

Nitajuaje kama mayai yana uhai?

Siku ya 7, usiku, kwa tochi ya simu. Kunja karatasi ngumu iwe bomba, weka tochi upande mmoja na ncha nene ya yai upande wa pili. Yai lenye uhai linaonyesha doa jeusi na mishipa myembamba myekundu iliyosambaa kama miguu ya buibui. Lililo wazi lote halikuwa na mbegu. Lenye duara la damu bila mishipa limekufa. Hayo mawili yaondoe. Rudia siku ya 14 kama una mashaka, na kuanzia siku ya 18 acha kabisa kumsumbua.

Hatoki kula. Nimlazimishe?

Wengi hutoka mara moja kwa siku, dakika 10 hadi 30, na wewe hupo, ukadhani hajatoka. Nyunyiza majivu mbele ya kiota uone nyayo. Kama kweli hatoki, mnyanyue asubuhi kwa mikono miwili. Kwanza pitisha vidole chini ya mbawa, kwa sababu huficha yai kwapani na ukimwinua ghafla linaanguka. Mweke mbele ya maji na chenga za mahindi, mita mbili tatu kutoka kiotani. Mayai hayaharibiki kwa nusu saa, hasa kwa joto letu. Maji ni muhimu kuliko chakula; wakati wa kiangazi nimeona kuku aliyekufa kiotani na mayai yake yako mazima.

Utitiri wamejaa kiotani, nifanyeje?

Kuku anayekaa pale pale wiki tatu ni karamu ya utitiri na viroboto. Wakizidi anakimbia mayai, na hapo hana kosa. Kabla hajaketi, choma majani ya zamani, pitisha moto wa gazeti kwenye nyufa za sanduku, na nyunyiza majivu chini ya matandiko mapya. Watu wengi huongeza majani ya mwarobaini. Kuku mwenyewe mpulizie unga wa kuua utitiri kutoka duka la dawa za mifugo siku chache kabla ya kumwekea mayai, kwa kufuata maelezo ya paketi. Usiunyunyize juu ya vifaranga wapya.

Na siafu?

Hapa nina kidonda. Masika ya miaka miwili iliyopita, saa tisa usiku, nilisikia kuku analia sauti ambayo si ya paka wala ya kenge. Nilipowasha tochi sakafu ya banda ilikuwa inatembea. Wale waliokuwa kwenye fito walisharuka nje. Aliyekuwa anaatamia, mwekundu wa kishingo, alikuwa bado ameketi, ametanua mbawa, na siafu wamemfunika mpaka machoni. Mayai yalikuwa kwenye siku ya 19. Nilimtoa, nikamwagia maji, hakufika asubuhi.

Tangu hapo viota vyangu vya kuatamia viko juu ya meza ya miguu minne, na kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari. Makopo nayafunika juu na kipande cha bati kilichotobolewa, kuku wasidonoe oili. Meza haigusi ukuta, na hakuna jani wala kamba inayoning'inia kufika chini, maana siafu mmoja akipata daraja wote wamepata. Vifaranga wakishaanguliwa nawateremsha mimi mwenyewe.

Kwa kenge, nguchiro na nyoka, dawa ni wavu wa matundu madogo na mlango unaofungwa.

Wawili wameketi kwa wakati mmoja, na wa tatu ananusa nusa.

Hiyo ni bahati, itumie. Wa kwanza mshikilie kwa mayai mawili yasiyo na mbegu mpaka wenzake watulie, kisha wawekee wote mayai mazuri usiku mmoja. Usimshikilie zaidi ya siku kumi, maana bado ana 21 mbele yake. Wataangua pamoja. Vifaranga wote wape mama mmoja au wawili walio watulivu, na wengine uwapeleke kizimbani warudi kutaga. Wafugaji wengi vijijini hufanya hivi, na ndivyo unavyopata vifaranga 30 wa umri mmoja bila mashine wala wasiwasi wa umeme kukatika usiku wa 17.

Naweza kumpa vifaranga wa siku moja niliowanunua?

Ndiyo, na kwa kuku king'ang'anizi ni njia nzuri kuliko zote: unapata mlezi, yeye anapata alichokitaka. Awe ameketi wiki mbili hivi. Usiku, gizani, toa yai moja ingiza kifaranga mmoja. Usikilize. Akijibu mlio wake kwa ile ko-ko-ko ya chini, ongeza wengine. Alfajiri uwepo pale. Akidonoa kwa nguvu, waondoe mara moja. Wawe wa siku moja au mbili, kwani wakubwa hawamsikilizi.

Mayai ya bata, kanga au kware je?

Kanga ni sawa kabisa, siku 26 hadi 28, tena kuku ni mlezi bora kuliko kanga mwenyewe. Bata wetu wa kienyeji wale wenye uso mwekundu wanahitaji siku 35, muda mrefu mno kwa kuku asiye na afya. Na jiandae kwa siku wale watoto watakapoona dimbwi: wao wanaogelea, mama anazunguka ukingoni akipiga kelele mpaka majirani wanatoka. Mayai ya kware ni madogo na yana ganda jembamba, kuku mzito anayavunja. Hayo yaachie mashine.

Anavunja na kula mayai anayoyaatamia.

Methali inasema kuku havunji yai lake. Aliyeitunga hakufuga kuchi. Wangu ana miguu kama ya mbuni, akigeuka yanapasuka mawili, na akishaonja utamu ndiyo basi. Angalia kwanza kama matandiko ni haba au mayai yamezidi. Wape kuku wako maganda ya mayai yaliyosagwa au chokaa ya mifugo, ganda liwe gumu. Kuku mwenye tabia hiyo hata baada ya hapo asiwekewe mayai tena.

Siku ya 21 imepita, kimya.

Subiri mpaka ya 23. Yaliyopoa kidogo huchelewa. Baada ya hapo sogeza yai sikioni, lipime kwa tochi, na yaliyo viza yazike mbali. Usimwache ameketi juu yake. Mpe vifaranga wa kununua usiku huo huo, au mpeleke kizimbani asubuhi.

Kama baadhi ya vifaranga wameanguliwa na wengine bado, usihangaike kuwalisha wa kwanza. Kifaranga huishi kwa kiini alichokimeza siku mbili bila shida. Ukimtoa mama mapema, wa mwisho wanakufa ndani ya ganda.

Atakaa na vifaranga mpaka lini?

Ukimwachia, miezi miwili hadi mitatu, na muda huo hatagi. Ukiwatenga wakiwa na wiki nne, wakiwa na manyoya na mahali pakavu pa kulala, anarudi kutaga mapema zaidi. Mimi sikubali wapungue umri huo, kwa sababu ya kunguru. Wale weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890, Dar ndio wenye mji, na kifaranga asiye na mama uani hamalizi siku. Mama mkali huokoa wengi kuliko wavu niliouweka.

Chanjo ya mdondo usiisahau katikati ya haya yote. Ile inayostahimili joto hutiwa tone moja jichoni na hurudiwa kila miezi mitatu, mama na watoto.

Naweza kupata kuku asiyeatamia kabisa?

Ndiyo. Kuku wa mayai wa kibiashara, pamoja na Kuroiler na Sasso, mara nyingi hawaketi. Lakini banda zima likiwa hivyo, siku utakayotaka vifaranga utategemea mashine au duka. Mimi naacha wawili watatu wa kienyeji.

Nimchoke nimchinje?

Ni kuku wako. Ila kabla ya kisu, uliza mtaani: mwenye mayai yenye mbegu na asiye na mlezi hakosekani. Mimi na jirani tuliazimana miaka, kuku wangu, mayai yake, vifaranga nusu kwa nusu.

Bibi Harusi mwenyewe nilimpeleka Korogwe kwa shangazi ndani ya tenga, kwenye basi, akiatamia njia nzima. Wiki iliyopita shangazi amenipigia: amemwekea mayai 15 ya kanga. Witiri, bila shaka.